Mwalimu wa Chuma Kinachojikunyata

Ukitaka kumuudhi Mwalimu wa Fizikia, neno moja lilitosha: haiwezekani. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, kisha akauliza polepole, "Nani alijaribu?" Kama hukuwa na mtu wa kumtaja, mazungumzo yalikuwa yamekwisha, na wewe ndiye uliyeshindwa.

Nilimfahamu tangu nikiwa nesi kijana katika hospitali ndogo ya misheni, njia ya kutoka Rulenge kwenda Biharamulo, hadi uzee ulipomfika yeye na kuanza kunisogelea mimi. Alifundisha katika shule ya sekondari ya wasichana iliyokuwa kwenye kilima kinachotazamana na wodi zetu. Jina alikuwa nalo, na zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Wakulima, padri, hata wauza dagaa sokoni walimwita Mwalimu tu. Sasa hayupo duniani, na sioni sababu ya kumwita vingine.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kuvaa viatu vya kiume vya ngozi kwa sababu, alisema, viatu vya kike vilishonwa kwa ajili ya watu wanaosubiri. Yeye hakusubiri. Alitembea ameinama kidogo mbele kama anayepanda mlima hata kwenye tambarare. Hakuweza kupika, maharage yake yalijulikana shuleni kote kwa harufu ya kuungua. Kanisani aliimba kwa nguvu bila kufuata sauti za wenzake, na kwaya ilikwisha kukata tamaa naye. Na mwanamke huyo ambaye hakumwogopa mkubwa yeyote niliyepata kumwona alikuwa akiogopa kuku. Kuku akikatiza mbele yake alisimama palepale, mikono kifuani, hadi mtu amfukuze. Nilimuuliza sababu. "Wana macho ya watu wasioelewa," akanijibu.

Aliamini Ujamaa kuliko wengi waliouhubiri. Wakati watu walipohamishiwa vijiji vipya, wapo waliobomolewa nyumba mvua ikiwa imekaribia, na Mwalimu alikwenda na wasichana wake kuwabebea vikongwe nyasi za kuezekea. Alibeba na kunung'unika. Alisema kuhamia pamoja ni jambo jema na kuhamishwa kama mbuzi ni jambo baya, na kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuyashika yote mawili bila kuangusha hata moja. Alilisema hilo mkutanoni, mwenyekiti wa kijiji akiwa ameketi mbele yake.

Mwenyekiti huyo huyo alikuja shuleni asubuhi moja kuwataka wanafunzi wakapalilie shamba la kijiji. Mwalimu alikuwa kwenye kipindi. Akafunga mlango wa maabara kwa ndani, akatia ufunguo mfukoni, akaendelea kufundisha. Mwenyekiti akasimama dirishani.

"Mwalimu, shamba linangoja."

"Lingoje. Saa nane tutafika, na mstari wa kwanza nitalima mimi."

"Siasa yetu ni ya kujitegemea."

"Na kichwa nacho kijitegemee, Mwenyekiti. Tuache tumalize."

Saa nane walifika, na mstari wa kwanza alilima yeye. Alilima vibaya, akikata mahindi pamoja na magugu, lakini alilima hadi mwisho.

Wakaguzi walimlaumu kwa sababu alifundisha kwa Kiswahili, na msichana akikwama alimwelezea kwa Kihangaza au Kisubi, ilhali sekondari ilitakiwa kutumia Kiingereza. Alijibu kwamba sumaku haijui Kiingereza na bado inafanya kazi. Msichana akikosea hesabu na kuomba radhi, alimkatiza: "Usiniombe radhi mimi, iombe hesabu. Irudie." Wengine walilia katika vipindi vyake. Walewale ndio waliotembea kilomita nyingi kumsalimia baada ya kuolewa.

Sasa niseme habari ya mikono, maana ndiyo iliyotuunganisha.

Siku zile sindano hazikutupwa. Sindano moja ilichoma watu wengi, ikasafishwa, ikachemshwa, ikarudi kazini. Mikasi na koleo za upasuaji vilevile. Damu ikishakaukia ndani ya tundu la sindano au kwenye bawaba ya mkasi, maji ya moto huigandisha zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuchemsha tulikaa chumba cha kuoshea, tukasugua kwa brashi na kupitisha waya mwembamba kwenye kila tundu. Hakuna aliyemaliza wiki bila kujichoma.

Rafiki yangu niliyefanya naye kazi chumba hicho alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu. Alijichoma kama sisi sote. Baadaye macho yake yakageuka manjano, tumbo likajaa, akafa kabla ya mavuno, akiacha mtoto anayenyonya. Mwalimu alikuja mazikoni na viatu vyake vya kiume, akasimama mbali na watu. Kesho yake alikuja hospitali.

"Nioneshe," akaniambia.

"Nikuoneshe nini, Mwalimu?"

"Kazi iliyomuua."

Nikamwonesha. Alinitazama nikisugua koleo moja baada ya nyingine, nikipitisha waya kwenye sindano. Mwishowe akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akaziona alama.

"Mikono ya watu si brashi," akasema. Alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona. Akaondoka bila kuaga.

Kwa majuma kadhaa sikumwona. Nilisikia alikwenda Nyamirembe, ziwani, akipanda malori ya pamba. Pale palikuwa na boti ya chuma iliyovutwa nchi kavu na kuachwa, ikila kutu. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kupimia kina cha maji, nayo ilikuwa imekufa, lakini kiungo chake kimoja alichokitaka kilikuwa kizima. Mlinzi wa boti alimwambia kile ni chuma chakavu. Mwalimu akamjibu kwamba hata yeye ni mwalimu chakavu, na wawili hao watafaana. Akarudi na kifurushi kizito kimefungwa kwenye gunia, amekipakata kama mtoto.

Alikifungua mbele yangu juu ya meza ya kuoshea. Palikuwa na vibamba vyembamba vya metali nyeupe, vimebanwa pamoja kama kurasa za kitabu, na waya wa shaba umezungushwa kuvizunguka.

"Hii ni nikeli," akasema. "Ina tabia moja ya ajabu. Ukiisogezea sumaku, inajikunyata. Inafupika."

Nikatazama. "Sioni."

"Hutaona. Inafupika kidogo kuliko unene wa unywele. Lakini pitisha umeme kwenye waya huu, waya unageuka sumaku, nikeli inajikunyata. Kata umeme, inajinyoosha. Sasa fanya hivyo mara maelfu kwa sekunde moja. Metali inatetemeka, maji yaliyoigusa yanatetemeka, na ndani ya maji vinazaliwa vipovu vidogo ambavyo vinapasuka papo hapo. Kila kipovu kikipasuka kinapiga kofi. Vinaingia kwenye bawaba, vinaingia ndani ya sindano, mahali ambapo brashi yako haitaingia milele."

"Na kelele yake?"

"Sauti ipo, ila ni ya juu mno kwa masikio yetu. Baharini na ziwani wanaitumia kuuliza chini kuna umbali gani. Sisi tutaitumia kufua."

Umeme wa nguvu ile ulihitaji amplifaya. Padri alikuwa nayo moja, ya kizamani yenye taa za kioo ndani, ya kukuzia sauti misa ya nje watu wakijaa. Mwalimu aliiazima kwa siku chache. Padri alipoidai, aliambiwa kwamba Mungu anasikia bila amplifaya, lakini nikeli haisikii. Padri huyo alikuwa mtu mpole. Pasaka ile alihubiri kwa koo lake, na sauti ikamkauka hadi Jumatano.

Majaribio ya kwanza yalishindikana. Sufuria ya chuma ilikaa juu ya nikeli imejaa maji na sabuni, jenereta ikaunguruma, na maji yakatulia tuli kama ya mtungi. Mwalimu alizungusha kitufe cha kasi ya mtetemo kwenda na kurudi. Hakuna kitu. Ilimchukua siku nyingi kugundua kosa. Nikeli haijali sumaku inatoka upande gani. Ikija huku inajikunyata, ikija kule inajikunyata vilevile, kwa hiyo ilikuwa ikicheza kwa mwendo asioutaka. Ilihitaji sumaku ya kudumu ya kuishika pembeni, ili ule umeme uwe unaongeza na kupunguza tu. Akapasua spika mbovu ya shule, akatoa sumaku yake, akaifunga mahali pake.

Siku hiyo nilikuwepo. Alizungusha kitufe polepole, na ghafla maji yakaingia ukungu, kama yanayochemka bila moto. Yalitoa mlio mwembamba wa kama mafuta kwenye kikaango. Nikatumbukiza koleo iliyoganda damu. Damu ikatoka kwenye bawaba yenyewe, kama moshi mwekundu, bila mkono wa mtu. Nilikaa chini. Mwalimu hakukaa wala hakucheka. Alisema, "Imechelewa," nikajua anamfikiria nani.

Mbwa wa misheni hawakurudi tena upande ule wa hospitali jenereta ikiwa inawaka. Manesi wanafunzi walilalamika kwamba kuna kitu kinawachoma masikioni, Mwalimu akaamuru wote tuzibe kwa pamba. Yeye hakuziba. Mlinzi wetu mzee, aliyekuwa haambiliki, alikaa mlangoni akitikisa kichwa: "Mwarimu anasema kinaria. Mimi sisikii. Rakini mikasi inang'ara."

Kisha vita vikaja. Kaskazini adui alikuwa amevuka na kuteka ardhi yetu hadi mtoni, na malori yote yaliyokuwa yanabeba pamba na kahawa yakachukuliwa kubeba askari. Sisi tulikuwa mbali na mizinga, lakini majeruhi walipozidi huko walianza kuletwa hata kwetu, pamoja na familia zilizokimbia. Upasuaji uliokuwa wa siku moja moja ukawa wa kila siku. Dizeli ilipungua, na saa zilizopatikana za jenereta tuligawana kati ya taa ya upasuaji na sufuria ya Mwalimu. Alikuja kila alasiri baada ya vipindi, akakunja mikono ya blauzi, akasimamia mashine yake. Nikeli ilipata moto, akaipoza kwa vitambaa vya maji. Katika miezi ile yote hakuna nesi wetu aliyejichoma kwenye chumba cha kuoshea.

Wakati wa vita maneno husafiri. Mtu fulani alipeleka habari mjini kwamba katika hospitali ya misheni, karibu na mpaka, kuna mwanamke mwenye mtambo wa kutuma sauti zisizosikika. Akaja ofisa, kijana nadhifu wa maneno machache, na Land Rover na askari wawili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutibiwa?"

"Nimekuja kuuona mtambo."

Akamwonesha. Yule ofisa aliinama, akasikiliza. "Nasikia maji tu. Hiyo sauti siisikii."

"Ndivyo inavyotakiwa. Hiyo kalamu mfukoni inaandika?"

Ilikuwa kalamu ya wino, imeziba. Mwalimu akaifungua, akaichovya ncha yake majini. Wino ulioganda ukaanza kutiririka kutoka kwenye ncha, utepe wa buluu ukijikunja ndani ya maji. Yule kijana alisahau kwa muda kwamba alikuja na bunduki. Alipopewa kalamu yake aliijaribu kwenye kiganja, ikaandika.

"Nimeona," akasema. "Na nimeelewa, Mwalimu, sikudanganyi. Lakini nimetumwa niuchukue."

"Kuna watu wanne wanangoja kupasuliwa."

"Najua. Nimetumwa."

"Basi aliyekutuma nitamwonesha mwenyewe," Mwalimu akasema, akavua aproni. "Mnapakia mashine, mnanipakia na mimi. Haikai na watu wasioijua."

Walijaribu kumzuia. Alikwisha kupanda nyuma ya gari na kulikalia lile gunia. Ofisa akatutazama sisi manesi kana kwamba tungemsaidia. Gari likaondoka, na wasichana wa sekondari wakasimama kilimani kimya kuliangalia mpaka vumbi lilipotua.

Siku zikapita bila habari. Tulirudi kwenye brashi na waya. Siku moja nilijichoma kidole, nikalitazama lile tone la damu, na kitu kikanipanda kichwani ambacho mpaka leo naamini nilikiambukizwa na yeye. Nilikwenda kwa metroni, mkuu wetu wa manesi, mwanamke mzito wa Kihaya asiyependa fujo, nikamweleza ninachotaka kufanya. Nilidhani atanikatalia. Akaenda kuvaa viatu.

Tulichukua treya ya upasuaji wa asubuhi ile kama ilivyokuwa, koleo, mikasi na sindano na damu yake, tukaifunika kwa kitambaa, tukapanda lori la jeshi lililokuwa linakwenda mjini. Pale ofisini tuliambiwa tungoje. Metroni akasema majeruhi hawangoji, akapita. Tukaweka treya juu ya meza ya mkubwa wa yule ofisa, tukaifunua. Inzi walikuja mara moja.

"Hii ni nini?" mkubwa akauliza.

Sauti ilinitoka, sijui niliitoa wapi. "Ni damu ya askari wetu, Mzee. Mwenye kuisafisha mmemfungia. Tumekuletea uisafishe wewe, maana kesho kuna wengine wa kupasuliwa."

Mkubwa akapunga inzi kwa faili. Yule kijana ofisa alikuwa amesimama nyuma yake, na bila kuulizwa akasema, "Mzee, mimi niliuona ukifanya kazi. Si redio."

Jioni Mwalimu alitoka. Alikuwa amekonda, kitenge kimechafuka, miwani ina ufa. Alitusalimia kwa ufupi, akauliza nani anasimamia maabara yake, akamkumbusha mkubwa kwamba choo chao kinahitaji chokaa. Kisha wakamletea gunia. Walikuwa wamepasua ile nikeli kutafuta kilichofichwa ndani. Vibamba vilikuwa vimeachanishwa, vingine vimepinda, waya umekatwa vipande. Hapo ndipo nilipomwona akilia, mara moja tu katika maisha yangu. Alilia amesimama wima mbele yao wote, bila kuficha uso, akiokota kibamba kimoja kimoja na kukinyoosha kwa vidole.

Alipanga upya. Alipaka vibamba vanishi, akavibana kwa mbao na boliti za baiskeli, akazungusha waya upya. Haikuwa na nguvu kama mwanzo, lakini maji yaliingia ukungu, na hilo lilitutosha hadi vita vilipokwisha na hata baadaye.

Yeye hawakumsamehe. Hawakumfunga wala kumfukuza. Walimhamisha, wakampeleka kufundisha shule ya msingi upande wa Nyamiaga, darasa la tatu, hesabu za kugawanya. Walidhani wamemshusha. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa chini na watoto, wamefunga misumari kwa nyaya na betri za tochi, wanaokota sindano za kushonea. Nikamwambia namwonea huruma. Alinitazama kama anayetazama kuku. "Hawa hawajafundishwa bado kuogopa," akasema. "Umenionea huruma ya nini?" Na Jumamosi nyingi alipata lori la kumleta hospitali kukagua mashine yake, akatukaripia kwa kutobadilisha maji.

Mara ya mwisho nilimwona baada ya miaka mingi. Nilikuwa nimestaafu, natoka kumzika ndugu huko Ngara mpakani, nimepanda lori la mizigo kurudi. Barabara ilipita karibu na kambi ya watafiti wa madini waliokuwa wakitoboa vilima. Watu walisema wamepata nikeli nyingi chini. Dereva akasimama kupoza injini, nikateremka kunyoosha miguu, nikaona mwanamke mzee ameketi kwenye kigoda katikati kabisa ya lango la kambi, mbele ya mti wa kizuizi. Nyuma yake, kwenye nyasi, walikuwa wamekaa watoto wa shule wenye sare, wametulia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe bado unatembea." Alikuwa mwepesi kama ganda la maharage, na meno yamepungua, lakini mgongo ulinyooka. Aliniambia anaishi Mabawe, amekodi baiskeli tatu na punda mmoja kuwafikisha wale watoto. Alikuwa ameomba waoneshwe mawe yanayotolewa chini. Ameomba mara nyingi. Kila mara anaambiwa aje siku nyingine.

Mlinzi wa lango, kijana wa Kisukuma, alikuwa na aibu usoni. "Bibi, nakuomba, gari la wakubwa litatoka sasa hivi. Nenda nyumbani."

"Nyumbani ni hapa, mjukuu wangu," akasema Mwalimu. "Wao ndio wageni. Wakitaka kupita, waje tuzungumze."

"Watanifukuza kazi."

"Waambie nilikushinda nguvu."

Ndani ya uzio injini iliwashwa. Gari jeupe likaanza kuteremka kuelekea langoni, taratibu, kisha likapiga honi. Watoto wakanitazama mimi. Mwalimu hakugeuka, alikuwa anamweleza msichana mmoja jinsi jiwe linavyokatwa kwa msumeno unaopozwa kwa maji.

Nyuma yangu dereva wa lori aliita kwamba injini imepoa, tunaondoka, na kwamba hakuna gari jingine hadi kesho. Nikachukua kapu langu kutoka kwenye bodi ya lori. Nikampungia mkono aende zake. Kisha nikarudi langoni, nikatandika kanga yangu chini kando ya kigoda chake, nikakaa.